Benki ‘muhimu’ ni muhimu kwa nani?

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye siku hizi hutafsiri nyaraka za mashirika ya kikanda, aliniandikia ujumbe majuzi usiku. “Shikamoo Prof. Samahani kwa usumbufu saa hizi. Nimekwama na neno moja na kazi inatakiwa Jumatatu.”

Neno lenyewe lilikuwa katika waraka kuhusu usimamizi wa fedha. Waraka ulitaja aina fulani ya benki ambazo zikianguka haziangamii peke yazo, bali huburuta na wengine, hata wale ambao hawakuwahi kuweka shilingi moja ndani yake. Kwa Kiingereza benki hizo zimepewa jina refu lenye ladha ya maabara. Yeye aliandika “benki muhimu”. Mhariri wake akamrejeshea kazi akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Kwani kuna benki isiyo muhimu?”

Nilicheka. Kisha nikakosa usingizi, kwa sababu mhariri yule, pengine bila kukusudia, alikuwa ameuliza swali ambalo wasimamizi wa benki huko Ulaya wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka kumi, na ambalo sisi wa Afrika Mashariki itatubidi tulijibu iwapo kweli tunakusudia kutumia sarafu moja.

Mimi si mwanauchumi. Hesabu zangu za fedha huishia kwenye mshahara, na mshahara wenyewe huishia tarehe tano. Lakini asubuhi yake nilimwendea mwenzangu wa Idara ya Uchumi, tukaketi kantini saa mbili nzima, chai ikapoa, nami nikatoka na haya ninayotaka kuyaweka mbele ya msomaji leo.

Tuanze na neno, maana ndiyo kazi ya safu hii. ‘Muhimu’ ni neno lenye asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni h-m-m. Mzizi huo huo ndio uliotuzalia ‘hamu’. Leo tukisema hamu twafikiria kutamani: mtu ana hamu ya pilau, au ya kumwona mpenziwe. Ila katika Kiarabu, na katika Kiswahili cha washairi wa kale, hamu ni jakamoyo, dukuduku, simanzi iliyokaa kifuani. Kwa hiyo kitu muhimu, tukilifuata neno hadi kwenye chimbuko lake, ni kitu kinachomtia mtu wasiwasi. Jambo haliwi muhimu likiwa limekaa peke yake kama jiwe kando ya barabara. Lazima awepo mtu ambaye linamnyima usingizi. Ndiyo sababu ukisema “hii ni muhimu” ukanyamaza, mwenzako ana haki ya kuuliza: kwa nani?

Sasa twende benki.

Septemba 15, 2008, kampuni ya Lehman Brothers ya New York iliomba ulinzi wa sheria za ufilisi. Haikuwa benki ya kuwekea akiba ya mama mboga. Ilikuwa benki ya uwekezaji, iliyokopa kwa wakubwa wenzake na kuwakopesha wakubwa wenzake. Wala haikuwa kubwa kuliko zote Marekani. Serikali ya huko, iliyokuwa imesaidia kuokoa benki nyingine ya namna hiyo miezi sita kabla, safari hii iliiacha ianguke. Kwa siku chache tu, benki za mabara yote zikaogopa kukopeshana hata kwa usiku mmoja, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani aliyekuwa akiidai Lehman na kiasi gani. Watu waliopoteza kazi viwandani, mbali kabisa na New York, wengi wao hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo.

Baada ya moshi kutulia, wasimamizi wa benki duniani walijiuliza: hivi hatungeweza kuzijua mapema benki za aina hii? Kamati ya Basel, ambayo huwakutanisha wasimamizi hao, ilitoa utaratibu wake mwaka 2011, na Novemba mwaka huo huo orodha ya kwanza ya dunia ikachapishwa ikiwa na benki 29. Utaratibu wenyewe una vipimo vitano, kila kimoja kikibeba asilimia 20 ya alama.

Ukubwa ni kimojawapo, na hicho hakihitaji profesa kukieleza. Kinachonivutia zaidi mimi ni ufungamano, yaani jinsi benki ilivyoshikana na nyingine kwa kukopa, kukopesha na kumiliki hati za wenzake. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo nadhani hatuioni kwa sababu tumeizoea. Tunasema ‘mfumo wa fedha’. Lakini mfumo ni nini? Ni nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi ‘fuma’, kama vile mchezo ulivyotoka kwa cheza na mkopo kwa kopa. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka vile vitambaa vya kufuma vilivyofunika viti na meza sebuleni kwa mama zetu, na ole wake mtoto aliyevuta uzi uliojitokeza pembeni! Kitambaa kizima kilifumuka. Na tazama, lugha yetu ina kauli maalumu ya kueleza balaa hilo, kauli ya kutendua: fuma, fumua. Uzi ule haukuwa mnene kuliko nyuzi nyingine. Ulikuwa umepita mahali pengi tu.

Kipimo kingine huuliza kama kuna mwingine wa kushika nafasi ya benki hiyo. Mwenzangu alinifafanulia kwa mfano usio wa benki. “M-Pesa ikizimika tangu asubuhi hadi jioni,” aliniuliza, “wewe utalipaje matatu, utamtumiaje mama pesa za dawa?” Nikamwambia nitatafuta noti. “Wewe utapata. Je, Wakenya wote wakizitafuta siku moja?” Hapo nikaelewa. Kuna asasi ambazo hata kama hazina mali nyingi, kazi wanayoifanya hakuna mwingine aliye tayari kuifanya kesho asubuhi. Vipimo viwili vilivyobaki ni utata wa shughuli za benki na biashara yake nje ya nchi. Hicho cha mwisho nitakirudia, kwa maana ndicho chenye kisa.

Benki ikishaingia katika orodha, haipewi nishani. Inabebeshwa mzigo. Inatakiwa iwe na mtaji zaidi ya wenzake, kuanzia asilimia 1 hadi 3.5 ya mali zake baada ya mali hizo kupimwa kwa kiwango cha hatari kilichomo. Na mtaji, kwa lugha ya kawaida, ni pesa za wenye benki wenyewe, zile ambazo hasara ikija huliwa kwanza kabla ya pesa za mwekaji kuguswa. Kwa hiyo ukiiita benki ‘muhimu’ kwa Kiswahili, umeisifu bila kutaka. Naiona kabisa ikiandika sifa hiyo kwenye bango la Thika Road: “Sisi ni benki muhimu.” Hiyo ilikuwa sababu yangu ya kwanza ya kukubaliana na kalamu nyekundu ya mhariri.

Katika nchi moja hesabu si ngumu sana. Unachukua benki zote za nchi kama kapu moja, unapima sehemu ya kila benki katika kapu. Benki Kuu ya Kenya, kwa mfano, huzipanga benki zetu katika makundi ya kubwa, za wastani na ndogo kwa kuangalia sehemu yake katika soko: mali, amana, mtaji, idadi ya akaunti za akiba na za mikopo. Yenye asilimia 5 au zaidi ni kubwa, iliyo chini ya asilimia 1 ni ndogo. Huko si kuzitafuta benki tunazozizungumzia, ila angalau inatuonyesha kwamba kapu linajulikana: ni Kenya.

Ugumu huanza nchi zinapoungana. Kapu ni lipi sasa?

Hebu tuchukulie muungano wa nchi mbili tu. Nchi Kubwa ina mali za benki zenye thamani ya bilioni 900, Nchi Ndogo ina bilioni 100. Tuchukulie pia kwamba alama ni elfu kumi kwa kapu zima, na benki ikipata alama 350, sawa na asilimia 3.5, inaingia katika orodha. Benki ya kwanza ina bilioni 27 katika Nchi Kubwa, na kampuni tanzu yenye bilioni 20 katika Nchi Ndogo. Msimamizi wa Nchi Kubwa akihesabu ya nyumbani kwake tu, anapata alama 300. Haimo. Analala usingizi. Mwenzake wa Nchi Ndogo anahesabu anapata alama 2,000, jasho linamtoka. Lakini anayemsimamia mama wa kampuni hiyo ni yule aliyelala.

Haya, wakasema: tuhesabu muungano mzima kama nchi moja. Benki hiyo sasa ina bilioni 47 kati ya 1,000, alama 470, imenaswa. Vizuri. Ila kuna benki ya pili, ya Nchi Ndogo peke yake, yenye bilioni 15. Kwao ina alama 1,500, yaani ikianguka nchi inasimama. Katika kapu la muungano ina alama 150. Imetoweka machoni. Njia ya kwanza inaficha benki moja, ya pili inaficha nyingine, na si kwa sababu kuna aliyekosea hesabu. Wote wamehesabu sawa. Walichotofautiana ni ‘kwa nani’.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya ubaoni. Fortis ilikuwa kampuni ya benki na bima ya Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, nchi ambazo zimeshirikiana kwa ukaribu kuliko pengine nchi zozote za Ulaya. Mwaka 2007 ilijiunga na wengine wawili kuinunua benki ya Uholanzi ya ABN AMRO, tonge likawa kubwa kuliko koo. Mwishoni mwa Septemba 2008 mawaziri wa nchi tatu walikaa wikendi nzima, na Jumapili usiku wakatangaza kwamba watatoa yuro bilioni 11.2 kwa pamoja kuiokoa. Ushirikiano wa kupendeza. Haukumaliza wiki. Ijumaa, Oktoba 3, serikali ya Uholanzi iliamua kuzinunua sehemu za Kiholanzi kwa yuro bilioni 16.8, ikaenda zake nazo, na Wabelgiji wakabaki wakimtafuta mnunuzi wa sehemu kubwa ya kilichosalia. Wakampata Ufaransa. Kuna msemo unaonasibishwa na Mervyn King, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, kwamba benki za kimataifa huishi kimataifa lakini hufa kitaifa. Fortis ilikufa hivyo.

Upande wa kaskazini kulikuwa na mfano wa kinyume. Estonia, Latvia na Lithuania ni nchi ndogo ambazo sehemu kubwa ya biashara yake ya benki imo mikononi mwa benki za Uswidi, hasa Swedbank na SEB. Kwa Stockholm, biashara ya Estonia ni ukurasa mmoja katika ripoti ya mwaka. Kwa Tallinn, ni mishahara ya watu, mikopo ya nyumba, na kodi za serikali zinazopita humo. Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga.

Ulaya ilijibuje basi? Haikupata jibu moja. Iliweka matundu mawili ya wavu, moja pana na moja jembamba, na nadhani hapo ndipo penye busara. Wavu wa kwanza ni wa kila nchi. Tangu mwongozo wa Mamlaka ya Benki ya Ulaya wa Desemba 2014, kila nchi ya Umoja wa Ulaya huzipima benki zilizomo kwake kwa viashiria 10 vilivyogawanywa katika makundi manne: ukubwa, nafasi yake katika uchumi, utata pamoja na biashara ya kuvuka mipaka, na ufungamano. Kila kundi asilimia 25. Benki ikifika alama 350 inaingia katika orodha ya nchi, ingawa nchi imeruhusiwa kukishusha kizingiti hadi 275 au kukipandisha hadi 425. Bila shaka umeona kwamba alama 350 za mfano wangu sikuziokota hewani. Kampuni tanzu ya kigeni nayo hupimwa hapo ilipo, hata kama mama yake yuko Paris au Madrid.

Wavu wa pili ni wa muungano. Tangu Novemba 4, 2014, Benki Kuu ya Ulaya iliyoko Frankfurt husimamia moja kwa moja benki kubwa za nchi zinazotumia yuro. Ni zipi? Zenye mali inayozidi yuro bilioni 30, hilo la kwanza. Lakini wangeishia hapo, Malta na Estonia zingebaki bila benki hata moja mezani, huku Ujerumani na Ufaransa zikijaza viti. Kwa hiyo waliongeza vigezo vingine. Benki ambayo mali yake inazidi asilimia 20 ya pato la nchi yake inaingia, isipokuwa iwe chini ya yuro bilioni 5. Benki yenye zaidi ya yuro bilioni 5, ambayo zaidi ya asilimia 20 ya mali au madeni yake imevuka mpaka kuingia katika zaidi ya nchi moja nyingine ya muungano, inaweza kuingia. Na kipo kigezo ninachokipenda kuliko vyote: benki tatu kubwa kuliko zote katika kila nchi zinaingia, hata ziwe ndogo namna gani zikipimwa kwa mizani ya Frankfurt, ila tu kuwe na hali ya pekee ya kuziondoa.

Kigezo hicho cha benki tatu, ukikitazama kwa jicho la mwanaisimu, ni kukiri kwamba ‘muhimu’ ina nafsi zaidi ya moja. Imekubaliwa kwamba Mmalta naye ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Nilisema nitakirudia kipimo cha biashara ya nje. Kwa muda mrefu wenye benki wa Ulaya walilalamika hivi: benki ya California ikikopesha New York, hiyo ni biashara ya ndani, haina alama. Benki ya Paris ikikopesha Frankfurt, umbali mdogo zaidi, sarafu ile ile, msimamizi yule yule, inahesabiwa kuwa imevuka mpaka, alama zinapanda na mzigo wa mtaji nao. Je, huu ni muungano au si muungano? Mei 2022 Kamati ya Basel ilitoa jibu ambalo mwenzangu alinisimulia huku akitabasamu. Walikubali kukokotoa alama za namna mbili kwa benki hizo: za kawaida, na nyingine zinazouchukulia muungano wa benki wa Ulaya kama nchi moja. Kisha, katika tofauti iliyopatikana, benki ipunguziwe asilimia 66 tu. Yaani theluthi mbili hivi za mpaka zimefutwa, theluthi moja bado ipo! Kwa nini? Kwa sababu muungano wenyewe haujakamilika. Wana msimamizi mmoja na chombo kimoja cha kuzifunga benki zilizoshindwa, lakini bima ya pamoja ya amana, iliyopendekezwa tangu 2015, haijapatikana. Kila nchi bado inalipia waweka akiba wake. Mjerumani haoni kwa nini alipie akiba za Mwitaliano.

Nasi je?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane sasa. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Kampala, Novemba 30, 2013, ikiahidi sarafu moja katika muda wa miaka 10. Mwaka 2024 ulikuja ukapita, na mfukoni bado nina shilingi za Kenya. Lakini benki hazikuwasubiri wanasiasa. Equity ilinunua hisa nyingi za BCDC ya Kongo mwaka 2020 na kuiunganisha na benki yake nyingine huko. KCB ikachukua BPR ya Rwanda mwaka 2021, kisha TMB ya Kongo mwishoni mwa 2022. Sina ubaya nao, naona fahari hata. Ila kwa Nairobi hizo ni kampuni tanzu, na kwa Lubumbashi au Kigali ni miongoni mwa benki kubwa za nchi. Ni Tallinn na Stockholm tena, isipokuwa hapa Stockholm ni sisi. Huo ni upande wa meza tusiouzoea. Tumezoea kuwa wale wanaolalamikia makao makuu ya London.

Na kama kuna anayedhani benki lazima iwe kubwa ndipo ivuke mpaka na balaa lake, akumbuke Imperial Bank. Oktoba 13, 2015, Benki Kuu ya Kenya iliiweka chini ya mrasimu. Haikuwa katika kundi la benki kubwa. Siku hiyo hiyo, Benki Kuu ya Uganda ikalazimika kuchukua usimamizi wa Imperial Bank Uganda, kampuni tanzu, ingawa tatizo lilianzia Nairobi. Mwaka uliofuata Exim Bank ya Tanzania ikanunua hisa nyingi za benki hiyo ya Kampala. Nchi tatu za Jumuiya katika mkasa wa benki moja ya wastani! Huku nyumbani, Chase Bank ilipofungwa Aprili 2016, watu walishaanza kuzihamisha akiba zao kutoka benki ndogo kwenda kubwa, hadi Benki Kuu ikafungua dirisha maalumu la kuzikopesha benki zilizopungukiwa na pesa taslimu. Uzi wa kitambaa ulikuwa umevutwa, na haukuwa mnene.

Mimi mwenyewe nimewahi kusimama kwenye foleni ya aina hiyo, nikiwa mweka hazina wa chama cha maziko cha kijijini kwetu. Benki sitaitaja. Ilikuwa ndogo, na katika kapu lolote isingefikisha alama za kuitwa chochote. Lakini pesa zetu zote za kuzikana zilikuwa humo, na bima ya amana wakati huo ilikuwa Sh100,000 kwa mwekaji (leo ni Sh500,000, tangu Julai 2020). Wazee wawili walifariki mwezi ule. Tulizika kwa mchango wa mlango kwa mlango, nami ndiye niliyebisha hodi.

Turudi kwa mfasiri wangu. Tangu Februari 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Hivyo hili si suala la kupamba waraka. Siku moja msimamizi wa Bujumbura na wa Mogadishu watasoma kanuni hizi kwa Kiswahili, na neno likiwa na tundu, kanuni itavujia hapo.

Wengine wamependekeza ‘benki zenye umuhimu wa kimfumo’. Haina kosa la kisarufi, na ule mfumo ndani yake una nyuzi zake, lakini inachosha ulimi, na msomaji akifika mwisho amekwishasahau mwanzo. ‘Benki kubwa’ tumeona inavyopotosha. ‘Benki nguzo’ inapendeza, ila nguzo za nyumba hulingana, nasi tunatafuta ile ambayo ikiondolewa paa linashuka. Mimi nilimpa ‘benki mhimili’. Mhimili hutokana na ‘himili’, kubeba uzito, na ni wa ukoo mmoja na ‘hamali’ na ‘stahimili’. Linabeba dhana ya mzigo badala ya sifa, na benki haiwezi kulitia kwenye bango bila kukumbusha watu paa lililo juu yao. Isitoshe, lile zoezi ambalo wasimamizi hulifanya kuona kama benki itavumilia msukosuko linaweza kuitwa jaribio la ustahimilivu, istilahi mbili zikasimama kwenye mzizi mmoja.

Aliniuliza kuhusu wingi na upatanisho, swali zuri. Tufuate ‘nchi mwanachama’: nchi mwanachama imekubali, nchi wanachama zimekubali. Vivyo hivyo benki mhimili imefungwa, benki mihimili zimefungwa. Kitenzi hufuata benki, si mhimili. Udhaifu wa neno langu naujua: linaeleza uzito vizuri kuliko linavyoeleza ufumaji. Imperial haikuwa boriti. Sijapata neno linalobeba yote mawili, na msomaji mwenye nalo aniandikie.

Jambo moja nilimsisitizia. Lisiandikwe peke yake. Kila mahali liwe na kijalizo: mhimili wa nchi, au mhimili wa Jumuiya, kwa kuwa tumeona benki moja inaweza kuwa cha kwanza isiwe cha pili, na kinyume chake.

Jumapili jioni alinipigia simu. Alikuwa amepitia waraka wote wa Kiingereza, kurasa arobaini na kitu, akitafuta mahali palipoelezwa kama benki hizo zinapimwa kwa kapu la kila nchi au la Jumuiya nzima, apate kujua kijalizo kipi aweke. Hakuona. “Sasa nifanyeje, Prof?” Nikamwambia awaandikie waliotunga waraka, awaulize. Aliwaandikia Jumatatu asubuhi. Hadi ninapokabidhi makala haya, hajapata jibu.